Pensheni ya Dada Yangu

Mimi nimestaafu ualimu. Napata pensheni kwa kuwa mshahara wangu ulikuwa ukikatwa kila mwezi. Dada yangu wa Jambiani, Zanzibar, hakukatwa kitu, maana hakuajiriwa na mtu. Ujanani alizika makumbi pwani, yakishaoza anayafukua, anayapiga kwa rungu mpaka usumba utoke, kisha anasokota kamba. Mwani ulipoanza kulimwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, akahamia huko. Bamvua likifika anashuka na vijiti na kamba zake, anainama kwenye maji ya chumvi jua likimpiga mgongoni, mtoto kamwachia jirani. Mgongo huo leo haunyooki.

Sheria ya mfuko wa hifadhi ya jamii haikumbagua kwa jina. Ilisema tu kwamba achangiaye ndiye alipwaye, na kwa maneno hayo machache wakabaki nje karibu wanawake wote wa pwani yetu.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Mzee haulizwi kama alichangia, wala kama ni fukara. Kwa macho yangu nimemwona dada akitoa mchango wa khitma kwa mkono wake, bila kumsubiri mwanawe ampe. Fedha ni ndogo, lakini siku ile alikaa kitako na wenzake kama mtu mwenye chake.

Wapo wanaosema hiyo ni sadaka ya Serikali, na kwamba mwanamke ana mume wa kumlisha na kumvisha. Kweli, huo ni wajibu wa mume. Lakini wajane na waliopewa talaka uzeeni wamejaa vijijini, na dini yetu haikusema kuwa kulishwa kunamwondolea mke mali yake mwenyewe. Tena Kur'ani inapomtaja mwombaji na aliyenyimwa, inataja haki yao iliyomo ndani ya mali za wenye nacho. Anayedai haki hana sababu ya kuinamisha uso. Na dada yangu si mwombaji: mwani wake umeiingizia Zanzibar fedha za kigeni miaka yote hiyo.

Ninalolipinga ni umri. Mimi nilistaafu nikiwa na miaka 60, nimefanya kazi chini ya paa. Yeye, aliyeumizwa zaidi na kazi, akaambiwa asubiri miaka kumi mingine. Sabini ni ile ile kwa mwanamume na mwanamke, kwa karani na mkulima wa mwani, na watunga sera wanaiita usawa. Basi waende Jambiani, Paje na Makunduchi, wawahesabu kwanza waliofariki kabla ya kuifikia, waone walikuwa wakifanya kazi gani, kisha waupange umri huo upya.