MWAMINIFU SI MWEPESI WA KUAMINI



Wengi wetu tukisikia "mke mwaminifu" tunafikiri juu ya mwanamke mtulivu, asiyeuliza maswali, anayekubali kila aambiwalo. Je, ndivyo ulivyo uaminifu? Tumtazame mke mmoja katika utenzi wa Wayunani wa kale uitwao Odyssey, ambao husemwa ni kazi ya Homer, yapata karne ya 8 kabla ya Kristo.

Jina lake Penelope. Mumewe Odysseus, mfalme wa Ithaca, alikwenda vitani Troy akamwachia mtoto mchanga. Vita vilichukua miaka 10, na safari ya kurudi miaka mingine 10. Mwishowe wanaume 108 wakajaa nyumbani mwake wakitaka kumwoa, wakimaliza mifugo na divai yake. Tena siku ya kuagana mumewe alikuwa amemwambia kwamba, mtoto akiota ndevu kabla yeye hajarudi, aolewe na amtakaye. Ruhusa alikuwa nayo, lakini hakutaka kuitumia.

Kwanza, alitumia akili. Aliwaambia wachumba wale wangoje amalize kufuma sanda ya baba mkwe wake. Mchana alifuma, usiku alifumua. Akawazuia hivyo miaka 3, mpaka mjakazi mmoja akatoa siri. Mwingine atasema huo ni udanganyifu. Lakini wale walikuwa wavamizi, naye hakuwa na mtu wa kuwafukuza. Alijilinda kwa kile alichokuwa nacho mkononi.

Pili, hakuamini upesi. Wapita njia walimletea habari za uongo juu ya mumewe ili wapewe chakula na nguo. Kila anayemngoja mtu aliyepotea anayajua mambo haya. Hata Odysseus aliporudi kweli na kuwaua wachumba, yaya mzee alishuhudia kovu la mguuni mwake, na mwana akamlaumu mama kuwa ana moyo mgumu. Penelope bado hakumkimbilia. Alimwagiza yaya akitoe kitanda chumbani. Odysseus akakasirika, kwa maana alikitengeneza mwenyewe, na mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Nani angeweza kukihamisha? Mgeni asingeijua siri hiyo. Hapo ndipo Penelope alipomkumbatia akilia.

Angeamini upesi, angeweza kumpokea mwongo kwa jina la mumewe. Maneno "kuamini" na "mwaminifu" ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Mwaminifu ni mlinzi wa agano, na mlinzi mwema humwuliza kila ajaye: wewe ni nani? Basi anayeomba uthibitisho asiitwe mgumu wa moyo.

Tatu, liko jambo zito. Odysseus alikaa mwaka mmoja kwa Circe na miaka 7 kwa Calypso, akalala nao. Kwa Calypso alizuiliwa, ni kweli, naye alilia ufuoni. Lakini kwa Circe ni wenzake waliomkumbusha kwenda nyumbani. Hata hivyo katika utenzi huo anayepimwa uaminifu ni mke. Hapa mimi sikubaliani na wazee wale. Kitanda kile chenye mizizi kilikuwa cha watu wawili.

Ndugu waume, tukimsifu Penelope mbele ya wake zetu, tujiulize: je, nasi tungekubali kupimwa kwa kipimo hicho hicho?