Kifafa na Choo cha Jirani

Mwinjili Marko atusimulia habari za baba aliyemleta mwanawe kwa Bwana wetu Yesu Kristu. Mtoto huyo alikuwa akitupwa chini na kutoka povu, na mara nyingi ameanguka motoni au majini. Bwana hakumkimbia. Alimwuliza baba ni tangu lini, kisha akamshika mtoto mkono, akamwinua.

Je, sisi wa Ngara na Biharamulo twafanyaje? Mwenye kifafa akianguka karibu na mafiga, wako wanaorudi nyuma kwa kuogopa povu lake, na moto ukamla. Wengine huanza kumtafuta mchawi. Basi na ijulikane wazi: kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Ni ugonjwa wa ubongo wenye sababu nyingi: taabu wakati wa kuzaliwa, malaria kali, pigo la kichwa. Na sababu mojawapo ni ndogo hata jicho haliioni, nayo ni yai la tegu wa nguruwe.

Njia yake ni hii. Mtu hula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vyeupe vya tegu, na tegu akakua tumboni mwake. Mtu huyo akijisaidia migombani, mayai husambaa. Nguruwe anayezurura huyala, na vifuko vikaota katika nyama yake. Lakini mayai hayo hayo hufika katika maji, katika mboga na katika mikono isiyonawiwa. Mwanadamu akiyameza, viluwiluwi hufuata damu mpaka ubongoni. Miezi au miaka ikapita, naye akaanguka kifafa.

Tena yatupasa kutambua neno hili: asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote, awe Mwislamu au Msabato, aweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo. Kaini alidai kwamba ulinzi wa ndugu yake haukumhusu. Asiyechimba choo ametoa jibu lile lile pasipo kufungua kinywa.

Haya si maneno ya kubahatisha. Uchunguzi wa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa tegu huyu ni sababu kubwa ya kifafa huko kwa jirani zetu. Huko Haydom, Mbulu, wagonjwa wa kifafa walipigwa picha za ubongo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha alama za tegu kwa wagonjwa karibu 18 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi alikoenea tegu, huenda wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa wamepata ugonjwa wao kwa njia hiyo.

Hatuna budi, basi, kutenda. Kila mji uwe na choo, na kitumike, hata na watoto. Nguruwe afungiwe bandani. Nyama ikaguliwe na bwana mifugo, tena ipikwe mpaka iive kabisa. Mikono inawiwe kwa sabuni. Mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali. Akipewa fenobarbitoni aimeze kila siku, wala asiiache ghafula kwa kuwa ameona nafuu. Dawa ya kuua tegu wa ubongoni isinunuliwe dukani pasipo daktari, kwani viluwiluwi wakifa ubongo waweza kuvimba. Na mtu akianguka, aondolewe penye moto, alazwe ubavu, wala asitiwe kitu kinywani.

Wako watakaosema kwamba sala yatosha. Sala ni lazima, ndugu zetu, na tuwaombee wagonjwa wetu kila siku. Lakini anayemwombea mtoto wa jirani apone kifafa, naye ameacha nguruwe wake wazurure na shamba lake liwe choo, kwa mkono mmoja aomba na kwa mkono wa pili apanda ugonjwa. Tukitoka kanisani Dominika hii, tushike jembe, tukachimbe.