Ng'ombe wa Dada na Masomo ya Ng'ambo

Tuseme barua imefika Nyansurura, wilayani Serengeti, ikimwambia kijana kwamba amekubaliwa kusoma katika chuo kikuu cha Lyon, au cha Geneva, au cha Brussels. Usiku ule nyumba nzima yafurahi. Asubuhi baba atoka, asimama mlangoni pa zizi, aanza kuhesabu. Hapo ndipo lizaliwapo swali ambalo twapenda kulitazama leo pamoja na wasomaji wetu: elimu inayopatikana hivyo ni mali ya nani, na aliyeipata awiwa nini, na nani?

Hatuulizi kama yafaa kwenda. Swali hilo lilikwisha kujibiwa na waliotutangulia. Mwaka 1949 Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alikwenda Edinburgh. Mwaka 1952 akarudi na shahada yake, akafundisha Pugu. Padre Charles Nyamiti wa Tabora alisoma Louvain, nchini Ubelgiji, akapata udaktari wa teolojia mwaka 1969, kisha akafundisha Kipalapala na baadaye Nairobi. Yule mwana wa Injili aliyeomba fungu lake akaenda nchi ya mbali hakukosa kwa sababu ya umbali wa nchi. Kosa lake ni kulihesabu fungu lile kuwa lake peke yake.

Gharama si ndogo. Mwaka 2019 serikali ya Ufaransa iliweka ada ya euro 2,770 kwa mwaka wa shahada ya kwanza katika vyuo vyake vya umma, kwa wanafunzi wapya watokao nje ya Ulaya, ingawa baadhi ya vyuo viliwasamehe wageni ada hiyo. Juu yake kuna nauli, chumba, chakula na nguo za baridi. Tena kuna lugha. Kijana wetu amenyonya Kikurya au Kingoreme kwa mama yake, amesoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kifaransa kitakuwa lugha yake ya nne. Aliyekuwa wa kwanza darasani atakaa miezi mingi kama bubu, akisikia wenzake wakicheka asijue wachekacho.

Basi, fedha zitoke wapi? Zitoke zizini. Na zizini zimeingiaje? Katika nchi hii kila mtu ajua kwamba ng'ombe wengi waliingia siku binti wa nyumba alipoolewa. Tangu zamani ng'ombe wa dada ndio waliompatia kaka mke, na kwa hiyo kaka alifungwa na dada yake kwa deni ambalo wazee hawakuruhusu lisahauliwe. Siku hizi ng'ombe wale wale waweza kumpatia kaka tikiti ya ndege. Ikiwa dada aliolewa akiwa mtu mzima, kwa hiari yake, naye aridhia, hatuna neno. Lakini ikiwa binti wa miaka kumi na mitano atolewa shuleni ili kaka yake aende chuo, hapo hapana budi tuseme wazi: huo ni udhalimu.

Baba aweza kutujibu: "Mmoja akipanda, atawavuta wengine." Neno hili lina ukweli, wala hatulidharau, nyumba nyingi zimeinuliwa na mtoto mmoja aliyesomeshwa kwa jasho la wote. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Baba akiuza shamba lake, ametoa sadaka. Akiuza ujana wa binti yake, ametoa kisicho chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Hata hivyo, dhamiri ya mzazi haikupaswa kungoja hukumu ya mahakama.

Sasa tumgeukie kijana mwenyewe. Wako wadhanio kwamba deni lao limekwisha wakituma fedha kila mwezi. Wako pia wazazi wamtazamao mtoto kama ng'ombe wa maziwa, wakamlaumu hata akiwa hana cha kula. Wote wawili wakosea, kwa maana wamegeuza upendo kuwa biashara. Deni la kwanza la msafiri ni ukweli. Akishindwa mtihani, aandike kwamba ameshindwa. Akibadili masomo, aseme. Aliyeuza ng'ombe ana haki ya kujua ng'ombe wake amekwenda wapi. Deni la pili ni kwa yule dada: mtoto wake akifika umri wa kusoma, mjomba asiseme hana nafasi. Na akipata kazi huko akakaa? Kukaa peke yake si dhambi. Dhambi ni kukaa kama mtu asiye na kwao.

Tena kuna deni la lugha na asili. Chuo cha Louvain kilianzishwa mwaka 1425, na wenye hekima zao humo waligombana mno juu ya lugha ya kufundishia hata mwaka 1968 kikagawanyika, na upande wa Kifaransa ukahamia mji mpya uliojengwa kwa ajili yake. Watu wa Ulaya wakithamini lugha za mama zao kiasi hicho, kwa nini kijana wa Mara aone haya kwa ajili ya yake? Padre Nyamiti hakuona haya. Elimu aliyoichuma kule aliitumia kuyachungua mawazo ya Waafrika juu ya wahenga, na kitabu chake cha mwaka 1984 chamtazama Kristo kama Mhenga wetu. Hivyo ndivyo deni linavyolipwa.

Kwa hiyo twawashauri wazazi na vijana. Kabla ya kuuza hata ndama, jamaa wote wakae pamoja, na mabinti wasikilizwe. Itajwe mbele ya wote kipi ni zawadi na kipi ni mkopo. Kijana atafute kwanza ufadhili, na aanze Kifaransa kabla ya safari. Ikiwa njia pekee ni kumkatiza dada masomo, basi barua ile iwekwe sandukuni, ingoje mwaka mwingine au isijibiwe kabisa.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Heri kijana atakayerejea, kwa miguu au kwa matendo, akaweza kumtazama dada yake usoni.