Shomoro wa Nyongeza

Somo: 1 Wafalme 17:1-9, Luka 12:6, 24

Neno la leo lilinihukumu mimi kwanza. Kwa hivyo usimwangalie jirani yako. Niangalie mimi.

Mnaukumbuka mwaka wa 2022. Mvua ilikuwa imetukataa tangu mwisho wa 2020, msimu baada ya msimu, hata ile ya Novemba ambayo sisi huku Ukambani ndiyo tunaitegemea hasa. Kufikia Agosti, na ile baridi ya alfajiri na upepo wa kukausha midomo, migunga ilikuwa mitupu, na akina mama walichimba mchanga wa mto mpaka mtu anazama kichwa kisionekane. Mimi nilikuwa na tangi. Nilikuwa nimelipia maji ya lori. Nikatia kufuli.

Mke wangu naye akaanza mambo yake. Kila jioni anamimina maji kwenye kifuniko cha sufuria kuukuu, anakiweka juu ya jiwe chini ya mwarobaini ili ndege wakiamka wayakute, na kando anatupa kiganja cha mtama ulioliwa na wadudu. Nikamwambia, "Mama, haya maji tumenunua." Akanijibu kwa upole, "Baba, na wao pia wanaishi Ikutha."

Nikanyamaza, lakini moyoni nahesabu lita. Si sisi wote tulilelewa na kombeo mkononi, tukifukuza kwelea kwa mtama kutoka mapambazuko? Sasa leo tuwanyweshe!

Lakini nikaanza kuangalia, na nitasema ukweli, nilipenda. Njiwa ndio walikuwa wa kwanza. Kuku akinywa lazima ainue kichwa maji yashuke, lakini njiwa anatumbukiza mdomo na kuvuta tu, kama mtoto na chupa. Wanaokula mbegu ndio wenye kiu zaidi, kwa sababu chakula chao ni kikavu. Anayekula wadudu hupata majimaji humo humo. Kisha wanakuja kwenzi, wale wa bluu wenye tumbo la rangi ya machungwa, wenye fujo kama makanga wa matatu. Hondohondo alikuwa anatua kwa tawi na kutazama tu, kama mzee wa kamati.

Jumapili moja nikawahubiria hapo hapo. Mathayo anasema shomoro wawili ni senti moja. Luka anasema watano ni senti mbili. Piga hesabu. Huyo wa tano hakulipiwa! Ni nyongeza, kama ile nyanya mama anakuongezea juu ya fungu pale sokoni. Na Yesu anasema hata huyo Mungu hajamsahau. Mlipiga makofi sana siku hiyo. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Jumanne, kabla kupambazuke, nikasikia kifuniko kinagonga jiwe. Nikajua ni mbwa. Nikatoka na fimbo. Kumbe ni mtoto wa mama mjane, jirani yetu, kama miaka sita hivi. Amepiga magoti, amekishika kifuniko kwa mikono miwili, anakunywa. Aliponiona hakukimbia. Alisema tu, "Pasta, nimewaachia kidogo."

Wapendwa, wiki mbili kabla ya siku hiyo mama yake alikuja kwangu na mtungi. Nilimwambia tutaliweka kwa maombi.

Sisi wahubiri tunawapenda sana wale kunguru wa Elia. Mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni, nani hataki? Lakini soma mstari wa saba. Kijito cha Kerithi kilikauka, na nabii wa Bwana ameketi papo hapo kando yake. Mungu hakumwongezea kunguru. Alimwambia ainuke aende Sarepta, kwa mjane. Nimehubiri sura hiyo miaka mingi, na mstari wa saba nilikuwa naupita mbio kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Elia alitoka kwa ndege akaenda kwa mjane. Asubuhi ile mimi pia nilitoka kwa ndege nikaenda kwa mjane, ila yeye alienda kuomba na mimi nilienda na deni. Nilibeba mitungi miwili. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno ya kuomba msamaha, lakini yule mama hakunipa nafasi. Alipokea, akamshukuru Mungu, akanivutia kigoda, akaniuliza mke wangu anaendeleaje. Hakunilaumu. Hiyo ndiyo iliniumiza.

Sasa mjue, ufunguo wa tangi la kanisa hauko kwangu tena. Uko kwa akina mama. Maji yanatolewa Jumanne na Ijumaa asubuhi, na hakuna anayeulizwa anaabudu wapi. Mtoto akija peke yake, ajaziwe na asindikizwe, mtungi ni mzito.

Na mwenye karai kuukuu nyumbani alilete Jumapili. Mke wangu anasema kifuniko kimoja hakitoshi.