Gari Kuukuu Si Aibu

Mwezi wa Septemba 2013 padre mmoja mzee wa Verona, Italia, alimpelekea Papa Fransisko zawadi huko Vatikano. Ilikuwa motokaa yake mwenyewe, Renault 4 ya mwaka 1984, iliyokwisha kwenda kilometa 300,000. Baba Mtakatifu, aliyepata kuwa na gari la namna hiyo kwao Argentina, aliipokea kwa furaha, akaketi penye usukani, akaiendesha.

Miezi miwili kabla ya hapo, aliposema na waseminari na manovisi, marehemu Papa alikiri kwamba moyo wake huumia aonapo padre au sista katika gari la mtindo mpya kabisa. Hakuwakataza magari, maana kazi ni nyingi. Aliwataka wachague lililo nyenyekevu zaidi, wakiwakumbuka watoto wafao kwa njaa. Maneno hayo waliambiwa watawa, lakini sisi wenye ndoa tusidhani kuwa yametupita kando.

Tazameni mambo ya mitaani kwetu. Baba wa nyumba ana gari la zamani, lakini zima. Jirani ananunua jipya. Basi lile la kwanza laanza kumtia haya hata mlangoni pa kanisa. Anakwenda kukopa. Tangu siku hiyo mshahara una mwenyewe, karo ya mtoto yangoja, na mama akiuliza habari ya unga hujibiwa kwa ukali. Katika Injili Bwana wetu alimtaja mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuhesabu gharama, watu wakamcheka. Huyu wetu hachekwi, bali husifiwa. Ndiyo maana hatari yake ni kubwa zaidi.

Renault 4 ilianza kuuzwa mwaka 1961, ikakoma kuundwa Ulaya mwaka 1992, na zilitoka zaidi ya milioni nane. Ilipendwa kwa usahili wake. Petroli huchanganyika na hewa ndani ya kabureta, plagi hutoa cheche, na mtu mwenye spana, bisibisi na subira aweza kuiona kasoro kwa macho yake. Land Rover za kale za misioni zilikuwa hivyo hivyo. Gari la siku hizi latawaliwa na kompyuta. Taa ikiwaka mbele ya dereva, mara nyingi hata fundi hodari hasemi neno mpaka aunganishe mashine ya kupimia. Hatusemi kuwa magari mapya ni mabaya: mengi hutoa moshi kidogo, tena humkinga abiria vizuri zaidi. Twasema tu kwamba awezaye kulitengeneza gari lake hana deni kwa mtu.

Lakini uwekevu si ubahili. Mwenye kupakia watoto katika gari lenye breki mbovu na matairi yaliyolika hadi nyuzi, kisha akajisifu kuwa aweka akiba, avunja amri ya tano. Gari kuukuu ladai uangalifu: maji na oili vitazamwe asubuhi kabla ya kutia moto, oili ibadilishwe kwa wakati wake, mkanda wa feni uliochakaa usingojewe ukatike njiani. Na ile oili chafu isimwagwe mtaroni.

Tena fundi alipwe. Wako waungwana watoao sadaka nono Jumapili, kisha humzungusha fundi kuanzia Jumatatu hata Jumamosi, ati ni rafiki yao. Mtume Yakobo aliwakemea vikali matajiri waliozuia ujira wa vibarua, wala hakuwaachia udhuru wa urafiki.

Basi, baba, Jumamosi alasiri ufunguapo boneti, mwite mwanao, wa kiume au wa kike, akushikie taa. Mwonyeshe plagi inavyosafishwa. Yamkini atakuuliza kwa nini hamna gari kama la jirani. Usimgombeze, wala usimdanganye. Mwambie fedha yake ilipo: imo katika karo aliyolipiwa muhula huu.