Karama, Mangungo na Mkalimani

Watanzania wengi tumewasikia Karama na Mangungo tangu shuleni, ingawa hatuna desturi ya kuwaweka pamoja. Karama ni mshitakiwa wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951. Mangungo ni mtawala wa Msovero, hapa hapa Kilosa, aliyeweka alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters tarehe 29 Novemba 1884. Karama tunamwita shujaa. Mangungo tumemgeuza tusi. Mwaka 2023, mjadala wa mkataba wa bandari ulipopamba moto, jina lake lilirudi midomoni mwa watu, na kila aliyelitaja alimaanisha mtu aliyetoa nchi bila kujua anachotoa.

Hukumu hiyo huniuma kila ninapoisikia, na nadhani Karama anaweza kutusaidia kuipima upya.

Kusadikika ni nchi inayoelea angani, inayotawaliwa kwa hofu. Kosa la Karama ni kuwafundisha watu elimu ya sheria. Waziri Mkuu, Majivuno, anamfikisha mbele ya mfalme, naye anajitetea kwa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa kutafuta manufaa ya nchi, akarudi na ushauri wa kheri, akaishia kufungwa. Mwishowe Karama anaachiwa, na wafungwa wale nao wanafunguliwa. Shaaban Robert aliyatoa haya wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, miaka kumi kabla ya Uhuru, na wasomaji wake walijua anazungumzia nchi gani.

Tunapomsifu Karama tunasifu moyo wake na ulimi wake, na anastahili. Lakini alikuwa na kitu kingine ambacho hatukitaji. Baraza lilikaa likamsikiliza siku sita, na waliomshitaki walisema lugha yake. Neno likimtoka lilifika lilivyo. Hata Majivuno, pamoja na ubaya wake wote, alielewa alichoambiwa.

Mangungo hakupata hata siku moja ya namna hiyo. Peters alikuwa kijana wa miaka 28, aliyefika Zanzibar na wenzake kwa majina ya uongo, kisha akavuka hadi bara na kukusanya mikataba Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwa majuma machache tu. Karatasi ya Msovero iliandikwa kwa lugha ya mgeni. Ilianza na urafiki wa milele, ikafika kwenye ardhi yote na haki zote za mtawala, daima dumu. Tarehe 27 Februari 1885, Kaiser Wilhelm wa Kwanza aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Ilikuwa imepita miezi mitatu.

Ndani ya mkataba huo kuna jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Kilosa alisome kwa makini. Imeandikwa kwamba Mangungo, alipoulizwa, alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata kuwepo kwa Sultani huyo hakujui. Usagara ilipitiwa na njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Pembe, vitambaa, bunduki na watumwa vilipita huku miaka na miaka. Mtawala wa nchi hiyo asijue kwamba Zanzibar kuna Sultani, Sayyid Barghash? Mimi siamini. Peters ndiye aliyeyahitaji maneno hayo, ili Zanzibar isiwe na la kudai. Basi ikiwa karatasi iliweza kumpachika mdomoni maneno hayo, tunaiaminije inapotuambia kwamba alikubali kutoa kila kitu?

Karatasi hiyo hiyo inamtaja mkalimani, Ramazani, na kusisitiza kwamba alieleza mambo waziwazi. Hapa ndipo ulinganisho wangu unapohama. Wa kuwekwa mbele ya Karama ni Ramazani. Yeye ndiye aliyesimama mahali ambapo Karama alitaka watu wake wasimame, kati ya maandishi na mtu ambaye maandishi hayo yatamfunga. Ananikumbusha mwingine aliyesimama mahali hapo. Katika Shamba la Wanyama la George Orwell, ambalo Fortunatus Kawegere alilifasiri mwaka 1967, punda Benjamin anajua kusoma sawasawa na nguruwe, lakini anakaa kimya hadi gari linapomchukua rafiki yake Boxer kwenda kuchinjwa. Hapo ndipo anawasomea wenzake kilichoandikwa ubavuni. Amechelewa: gari linaondoka.

Leo pia mahali hapo panahitaji msomaji. Kutoka Mikumi, ambako hifadhi imekuwepo tangu 1964, kupitia kata ya Ulaya hadi Kilosa mjini, kisha Rudewa na Msowero ya leo, ardhi imejaa karatasi: mipaka ya hifadhi, hati za mashamba ya mkonge, fidia za reli mpya, mipango ya kutenganisha mashamba na malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji usikike katika mambo makubwa ya ardhi yake. Na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Nalithamini badiliko hilo kuliko sanamu ya shujaa yeyote. Lakini Kiswahili cha mwanasheria nacho kina vichaka vyake, na bibi mwenye ekari mbili anahitaji mjukuu wa kuketi upande wake, asome kipengele baada ya kipengele, na akiona kinachomdhuru aseme hapo hapo, mgeni akiwa bado hajafunga mkoba.

Sijaona mtihani wa historia unaomuuliza mwanafunzi habari za Ramazani. Ningekuwa mwalimu Msowero ningeliuliza darasa langu: ungekuwa yeye, ungemwambia nini Mangungo kabla hajaweka alama? Wale wanaokijua Kisagara ningewaomba wajibu kwa Kisagara.