Zawadi Ifungwe kwa Kitu cha Kubaki

Mtaani kwetu Mbagala, taka za Jumatatu hutaja wazi nani alikuwa na shughuli Jumamosi. Kiroba kikiwa kimejaa karatasi za kung'aa, maua ya riboni yaliyobonyea na selotepu iliyong'ang'ania kila kitu, basi nyumba ile ilikuwa na kicheni pati. Vijana wanaopita alfajiri kuokota hukichambua haraka. Chupa za maji wanachukua, maboksi wanayakunja na kuyabeba, makopo pia. Karatasi za zawadi wanazirudisha kirobani kwa sababu hazina mnunuzi. Nyingi si karatasi hata kidogo, ni plastiki nyembamba iliyopakwa utando wa metali ili ing'ae. Na ile ya karatasi kweli imeshagandana na gundi na selotepu, haitenganishiki. Zikibahatika zinafika dampo la Pugu Kinyamwezi. Zisipobahatika zinachomwa nyuma ya ukuta, au masika inazisomba mpaka mtaroni.

Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Zanzibar ikiwa imetangulia tangu 2006. Tuliosema haiwezekani tukaona rambo zinatoweka sokoni Tandika na Tandale. Kisha vikaja vile vifuko laini vya kufungia bidhaa, vikageuzwa rambo mpya, hadi mwaka 2021 Serikali ikavitolea agizo lake. Hata mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, ni plastiki ya aina nyingine. Sifa yake ni kwamba inavumilia kutumika mara nyingi, kama imetengenezwa kwa uzito unaotakiwa. Katika misukosuko yote hiyo karatasi ya zawadi ilikaa pembeni imetulia. Katazo lilihusu mfuko wa kubebea, na karatasi ya zawadi kazi yake ni kupamba.

Kijana mmoja anayefunga zawadi jirani na soko la Tandika nilimwomba anifungie seti ya sufuria kwa karatasi ya kaki. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, kaki ni ya maandazi. Ukiingia nayo ukumbini watasema umefulia."

Yule kijana analijua soko lake kuliko wataalamu wengi. Zawadi zetu hazikabidhiwi mlangoni kimyakimya. Mshereheshaji anaita meza, muziki unapigwa, mnapanga foleni na kucheza hadi mbele, zawadi iko kichwani au imeinuliwa mikononi, na mpiga video anawafuata hatua kwa hatua. Kwa hiyo kinachofunga zawadi kina kazi tatu: kionekane kutoka meza ya mwisho, kisifumuke mkicheza, na kisimwaibishe aliyekibeba. Ushauri mwingi wa kufunga zawadi kwa kujali mazingira unasahau hayo. Unatuletea kaki tupu, kamba ya katani na jani kavu juu yake. Ni mapambo mazuri, sikatai, ila ni ya sherehe ambazo watu wamekaa. Sisi tunacheza.

Na kama ni vifungio vya kucheza navyo, pwani hii ilivibuni zamani. Chukua kapu la ukindu. Makuti machanga ya mkindu huchanwa, huanikwa juani mpaka yawe meupe, mengine huchemshwa kwenye rangi, kisha husukwa ukili mrefu. Huo ukili ndio unaozungushwa kuanzia kitako, raundi juu ya raundi, na kushonwa kwa shazia. Nimekaa pembeni ya mama mmoja akishona: hapimi kwa kitu chochote, anavuta uzi, anabana ukili kwa kidole gumba, na tumbo la kapu linapanuka sawasawa pande zote. Ukiweka humo vikombe, vijiko na kilo mbili za mchele, huhitaji karatasi. Kapu linakaa kichwani vizuri kuliko boksi lolote, na wiki inayofuata bibi harusi analo sokoni.

Posa nazo zina begi. Upande wa bwana harusi hauleti kanga, viatu na manukato vikiwa vimeviringishwa kwenye plastiki. Unaleta sanduku, na sanduku lenyewe ni zawadi. Ramadhani, sahani ya futari inapita kwa jirani imefunikwa kawa, na sahani hiyo hairudi tupu. Huko hakuna kinachotupwa, na sidhani kama kuna aliyewahi kuiita hifadhi ya mazingira.

Lakini kwangu mimi kanga ndiyo inayoshinda. Mwaka 2006 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Japani, Yuriko Koike, alitangaza kitambaa cha kufungia vitu, furoshiki, kilichofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelewa, ili Wajapani warudie desturi yao. Mwaka mmoja kabla, mwanamazingira Wangari Maathai wa Kenya alikuwa huko akiwasifia tabia yao ya kutofuja vitu. Japani walirudi kwenye kitambaa chao. Sisi chetu hatukukiacha, tumekizoea tu mpaka hatukioni. Tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo tangu 1968, na huku kwetu Mbagala kile cha KTM.

Weka sufuria katikati ya kanga ya pamba, kusanya pembe nne juu, piga fundo. Fundo ndilo mkono wa kushikia, na unaweza kucheza nalo mpaka DJ achoke. Jina la kanga ligeuzwe nje lisomeke. Ukilichagua kwa akili, huhitaji kununua kadi. Kuna watakaoniambia kanga ni ghali kuliko karatasi. Ni kweli, ukiihesabu kama karatasi. Ihesabu kama sehemu ya zawadi na upunguze sufuria moja kwenye seti. Hakuna ndoa iliyowahi kuvunjika kwa upungufu wa sufuria.

Kwa zawadi ndogo, kaki bado ina nafasi. Inatengenezwa nchini, Mgololo wilayani Mufindi, kwa miti ya misonobari, na haina kinyongo na moto wala udongo. Ipe rangi tu. Kila mtaa Temeke na Kinondoni una fundi cherehani, na chini ya cherehani yake pana kiroba cha vipande vya kitenge visivyotosha hata kola. Vikikatwa vyembamba na kuunganishwa vinakuwa riboni inayoonekana ukumbi mzima. Nilimpelekea yule kijana wa Tandika fungu moja. Alivigeuzageuza, akauliza fundi anauza kwa kiasi gani.

Anayeweza kulimaliza jambo hili ni kamati ya shughuli. Aibu ya kufulia inampata anayefunga tofauti peke yake. Meza zote zikifunga namna moja, aibu haina pa kukaa. Wanakamati ambao tayari mnatupangia rangi za nguo, pangeni na hili: andikeni kwenye kadi kwamba zawadi zifungwe kwa kanga, kapu au kitenge. Ila kadi zitoke mapema, maana kapu la ukindu halishonwi kwa siku moja.